Damu ya Tarehe Nne Novemba

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya tarehe 13 Januari 1998, Kuwabara Shizue alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akaivaa tena. Namba zilizokuwa mbele yake hazikubadilika.

Vichupa viwili vilivyomkodolea macho vilikuwa vya marehemu. Obata Genzo, mstaafu wa reli wa miaka sabini na moja, alikuwa amekwenda kukaa wiki tatu kwenye nyumba ya wageni ya Sasanoya, milimani, kuloweka mifupa kwenye chemchemi za moto kama alivyofanya kila mwaka baada ya mavuno. Aliingia tarehe 2 Novemba. Homa ilimshika tarehe 14. Tarehe 30 alikimbizwa hospitali ya mjini akiwa hajitambui, na kesho yake akafa kwa homa ya mapafu, ile inayoletwa na bakteria wanaojificha kwenye maji ya uvuguvugu. Daktari wa chemchemi, Hirose, alikuwa ameleta vichupa viwili vya majimaji ya damu ya mzee: kimoja kimeandikwa tarehe 4 Novemba, kingine tarehe 28 Novemba.

Kwa miaka miwili Shizue alikuwa amekaa kwenye maabara ya afya ya mkoa akilinganisha vipimo vya kingamwili, kile cha zamani na kile kipya, mgonjwa kwa mgonjwa. Mwezi Desemba aliipima damu ya Obata kwa kipimo cha zamani. Kilimpa 256 kwenye kichupa cha kwanza na 256 kwenye cha pili. Damu ambayo tayari ina kingamwili siku mbili baada ya mtu kufika, na haipandi baadaye, ni damu ya mtu aliyekuja na ugonjwa wake kutoka nyumbani. Ndivyo alivyoandika, na akapiga muhuri wake mwekundu. Leo asubuhi, kwa ajili ya kukamilisha jedwali tu, alikuwa ameipima kwa kipimo kipya, na namba mpya hazikukubaliana na muhuri wake.

Alivinyanyua vichupa kwenye mwanga wa dirisha. Majimaji yalikuwa ya manjano yaliyokolea mpaka kukaribia rangi ya chungwa, vyote viwili sawasawa, ilhali vya wagonjwa wengine wa Novemba vilikuwa vimepauka kama maji ya kuoshea mchele. Aliliandika hilo daftarini kwa sababu alikuwa na desturi ya kuandika kila kitu. Halafu akampigia simu Sajini Nozoe wa polisi, aliyekuwa na jalada la kifo hicho.

Nozoe alifika saa nne na nusu, mnene, viatu vimejaa theluji. Alimwambia Shizue kwamba yeye hesabu alifeli tangu shule ya msingi, kwa hiyo amweleze polepole, kama anavyomweleza mama mkwe wake.

"Mama mkwe wangu alikuwa anaelewa haraka kuliko wewe," Shizue alisema. "Kaa. Mtu akiingiwa na bakteria, mwili unatoa kingamwili za aina mbili. Kuna zinazokuja mbio mwanzoni, halafu zinapungua. Kuna zinazojikokota nyuma, lakini zikishafika zinakaa miezi. Kipimo cha zamani kinazijumlisha zote, kinanipa namba moja. Kipya kinazitenganisha."

"Na kimetenganisha nini?"

"Vichupa vyote viwili vimejaa za mwanzo. Za baadaye karibu hakuna. Na namba zinalingana mpaka ya mwisho. Mtu hawezi kukaa siku ishirini na nne, anaumwa, halafu damu yake isisogee hata hatua moja. Hizi siyo damu mbili, Sajini. Ni damu moja imegawanywa vichupa viwili."

Nozoe aliacha kufuta viatu. Aliuliza, basi, ni damu ya siku gani.

"Hapo ndipo pagumu," Shizue alisema. "Inawezekana ilitolewa kweli tarehe nne, na ile ya ishirini na nane ni ya kujazia tu. Basi mzee aliugua nyumbani. Inawezekana pia ilitolewa ishirini na nane, na ya tarehe nne ndiyo ya uongo. Basi aliugua kulekule chemchemi. Mashine yangu haiwezi kunichagulia."

"Kwa maneno mengine, ama daktari mvivu ama daktari mwongo."

"Na mimi nimeshapiga muhuri."

Nozoe alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakutania. Alimweleza muhuri ule ulivyofanya kazi. Nyumbani kwa Obata kulikuwa na bafu la kisasa, lile la maji yanayozunguka na kukaa ya moto usiku na mchana, na kazi ya kusafisha kichujio chake ilikuwa ya mkwe wa marehemu, Kanae. Wapimaji walikuta bakteria humo. Mumewe, Yasuo, alikuwa ametangaza mbele ya ukoo kwamba arobaini na tisa ya baba, ibada ya siku ya arobaini na tisa tangu kifo, ikishapita, Kanae atarudi kwao Wakayama, na binti yao wa miaka tisa atabaki. Arobaini na tisa ilikuwa Jumapili hii.

Baada ya Nozoe kuondoka, Shizue alikwenda kurudisha vichupa kwenye chumba cha baridi. Alitembea haraka, bila kutazama rafu ya chini kabisa. Huko nyuma, kwa miaka minane sasa, kulikuwa na kichupa cha mtoto wa miaka sita, Tanabe Chiharu. Mwaka 1989 Shizue alikipima kwa kipimo cha zamani, akaandika "hakuna", akapiga muhuri, na daktari akaacha kumpa dawa ya ugonjwa huu huu wa Obata. Mtoto alikufa siku ya tano. Tangu siku hiyo Shizue hakuweza kuingia chumba kile bila kusikia kikohozi kidogo, kikavu, kama cha mtu anayejizuia asisumbue watu. Alijua ni mota ya jokofu. Kujua hakukusaidia chochote.

*

Kesho yake saa nane mchana alikuwa nyumbani kwa Obata, miguu chini ya blanketi la meza fupi yenye kipasha joto ndani yake, na Kanae mbele yake. Kanae alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mikono imepasuka kwa baridi. Hakukana kitu. Ndiyo, kichujio alikuwa anasafisha mara moja kwa wiki, na kijitabu kilisema mara mbili. Alikuwa ameshayakausha maji yote, na wanaoga kwa jirani.

"Lakini namsikia," Kanae alisema kwa sauti ya chini. "Nikipita pale mlangoni, bafu limekauka, na namsikia baba anakohoa ndani. Nimwambie nani? Yasuo atasema ni dhamira inanisuta."

Shizue alitamani kumwambia kwamba hata yeye ana kikohozi chake. Badala yake alimwuliza kama mzee alikuwa akiumwa kabla ya kuondoka. Kanae alisema hapana, alibeba mzigo wake mwenyewe mpaka kituoni. Shizue akauliza kama waliwasiliana alipokuwa kule.

Kanae aligeuka kutazama madhabahu ya nyumbani, picha ya mzee na ya mkewe zikiwa bega kwa bega, na mbele yao sahani ya machenza matano.

"Alinipigia simu mara moja, kunishukuru kwa machenza," alisema. "Baba alikuwa hanipendi, mama. Miaka kumi na mmoja nimekaa hapa, ananiita 'wewe' tu. Lakini machenza ya kwetu alikuwa anayapenda kama mtoto. Na alikuwa na sheria yake. Mama mkwe alifariki msimu wa machenza, akiwa anayatamani. Tangu hapo baba hali chenza jipya la mwaka, hata akipewa na nani, hata maji yake, mpaka boksi la kwetu lifike na mama awekewe la kwanza hapo. Mwaka huu lilichelewa, mvua. Lilifika tarehe kumi na mbili. Nikamwekea mama, nikapiga kengele, kesho yake nikamtumia baba boksi zima kule kwa gari la mizigo. Akanipigia simu, tayari ana homa. Akasema, 'Kanae, hakuna kingine kinachopita kooni. Nakula kumi kwa siku.' Ndiyo mara ya kwanza kuniita jina langu."

Alilia hapo, bila kelele, akijifuta kwa kiganja. Shizue alimmenyea chenza, wakala pamoja, na viganja vyao vyote viwili vilikuwa na ule umanjano wa majira ya baridi ambao machenza mengi humwachia kila mtu hapa na hakuna anayeujali.

*

Ijumaa tarehe 16, saa tano asubuhi, Shizue na Nozoe walipanda Sasanoya. Mabafu yalikuwa yakitoa harufu kali ya klorini mpaka barabarani. Mwenye nyumba, Mama Murai, mjane wa miaka sitini na sita aliyevaa kimono cha kijivu, aliwapokea kwa kuinama mara nyingi kupita kiasi. Nozoe aliomba daftari la usafi wa mabafu. Karatasi ya wiki ya tatu ya Novemba haikuwepo. Ilichanwa, na mabaki yake yalikuwa bado kwenye uzi. Mama Murai alisema panya. Nozoe alisema hajawahi kumwona panya anayechana kwa kufuata rula. Rangi ikamtoka Mama Murai usoni, na Nozoe akamnong'oneza Shizue kwamba mtu wao wamempata.

Shizue hakuwa na hakika. Walimkuta Daktari Hirose kwenye zahanati yake ndogo upande wa pili wa bustani, mzee wa miaka sitini, mchangamfu, mwenye mikono misafi. Ukutani kwake kulikuwa na bango alilolitunga mwenyewe, likisifu maji halisi yasiyotiwa dawa yoyote. Alimkumbuka Shizue mara moja. Mwaka 1989 alikuwa hospitali ya mjini. Yeye ndiye aliyekuwa daktari wa Chiharu.

Shizue alimweleza kuhusu vichupa, wazi, bila kuficha kitu, isipokuwa kwamba hakusema ipi kati ya tarehe mbili anaishuku. Hirose alisikiliza, halafu akashusha pumzi na kuinamisha kichwa.

"Nakiri," alisema. "Uvivu, Bi. Kuwabara. Wageni wa kukaa muda mrefu nawapima damu wakifika. Ya Obata niliitoa tarehe nne, siku mbili baada ya kuingia. Ishirini na nane mzee alikuwa hoi, mishipa imejificha, nikamhurumia. Nikajaza kichupa cha pili kwa masalio ya kile cha kwanza. Ni aibu kubwa. Niandikieni barua ya onyo."

"Kwa hiyo damu yote ni ya tarehe nne."

"Yote. Na tarehe nne tayari ilikuwa na kingamwili. Masikini, alikuja na ugonjwa kutoka kwenye bafu lake."

Nozoe aliandika. Njiani kurudi alisema kesi imekwisha, mvivu ameungama, na yule mkwe wa mzee ajiandae kwa safari. Shizue alikuwa akitazama viganja vyake. Alimwomba Nozoe awalete daktari na Mama Murai kwenye arobaini na tisa, kwa kisingizio cha kutoa ubani, na yeye atakuja na kisanduku cha barafu.

*

Jumapili tarehe 18 Januari, saa sita kasorobo, mtawa alimaliza kusoma na kuondoka. Chumbani walibaki watu sita wamepiga magoti kwenye mikeka: Yasuo, Kanae, Hirose, Mama Murai, Nozoe na Shizue. Koti la Kanae lilikuwa tayari limekunjwa juu ya sanduku, karibu na mlango.

Hirose aliinama mbele ya Yasuo mpaka paji likagusa mkeka, akaomba radhi kwa uvivu wake. Yasuo alijibu kwamba haikubadili kitu. Baba alikufa kwa maji ya nyumba hii. Alisema hivyo bila kumtazama mkewe.

Shizue alifungua kisanduku. Alipanga vichupa vinne mbele ya madhabahu, kando ya sahani ya machenza.

"Hivi viwili vilivyopauka ni vya wagonjwa wengine wa mwanzo wa Novemba," alisema. "Hivi viwili ni vya Bwana Obata. Naomba mtazame rangi tu. Daktari, hii rangi inatoka wapi?"

Hirose alisema labda ini, labda dawa. Shizue alisema ini amelipima kwa masalio, lilikuwa zima.

"Basi machenza," Hirose alisema, akicheka kidogo. "Sote tuna manjano majira haya. Mzee alikuwa anayala kutwa."

"Tangu lini?"

"Tangu alipofika, sijui. Kila mgeni anakuja na mfuko wake."

Yasuo aliinua kichwa polepole. Alikuwa mwana wa baba yake, na sheria ile ya machenza aliijua kabla Kanae hajaijua.

"Baba asingeweza," alisema. "Kabla ya mama, asingeweza."

"Kanae alimwekea mama yako chenza la kwanza tarehe kumi na mbili Novemba," Shizue alisema. "Boksi lilitumwa kumi na tatu. Nimeiona stakabadhi ya gari la mizigo. Tarehe nne Bwana Obata alikuwa hajaonja chenza tangu majira yaliyopita. Damu hii ni ya mtu aliyekula kumi kwa siku kwa wiki mbili nzima. Ni ya tarehe ishirini na nane, daktari, yote. Na kama ishirini na nane ilikuwa na kingamwili za mwanzo tupu, basi aliambukizwa mwanzoni mwa Novemba, akiwa kwako."

Hirose alisema kwamba hata kama ndivyo, kosa ni la nyumba ya wageni, yeye si fundi wa mabafu.

Hapo Mama Murai alitia mkono kwenye mkanda wa kimono chake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliisukuma mbele juu ya mkeka kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi.

"Mimi ndiye niliyeichana," alisema. "Aliniambia niichome. Nilishindwa, maana daftari alilianzisha marehemu mume wangu, na jina lake liko juu ya kila karatasi. Soma ya tarehe ishirini."

Nozoe alisoma kwa sauti. Tarehe 20 Novemba, saa moja asubuhi, kwa amri ya Daktari Hirose, mabafu yote yamekaushwa, klorini mara mbili ya kawaida, wageni wasiambiwe sababu.

"Miaka mitatu anatuambia tusitie dawa, wageni wanafuata maji halisi," Mama Murai alisema. "Na siku ile akaja mbio kutuambia tutie. Nikajua anajua kitu. Nikanyamaza. Mzee wa watu anakohoa ghorofa ya juu, na mimi nimenyamaza."

"Tarehe ishirini," Shizue alisema. "Ulishajua ni ugonjwa gani. Dawa yake ulikuwa nayo kabatini, Sajini ameiona. Ukaendelea kumpa penisilini siku kumi zaidi, na penisilini haimgusi bakteria huyu. Kwa nini?"

Hirose alijibu akitazama mikono yake. Alisema dawa ile akiiandika, fomu ya bima inadai na jina la ugonjwa. Jina likishaandikwa, idara ya afya ingekuwa mlangoni wiki hiyohiyo, na bango lake ukutani na mihadhara yake yote juu ya maji halisi vingekuwa kichekesho. Alidhani mzee atapona mwenyewe. Wengi wanapona. Tarehe 28 alipoona haponi, alitoa damu, akaigawanya.

Halafu aliinua macho kwa Shizue, na uchangamfu wake ulikuwa umekwisha kabisa.

"Lakini wewe usinihukumu. Chiharu niliacha kumpa dawa kwa sababu ya muhuri wako. Umemsahau?"

"Simsahau," Shizue alisema. "Mimi niliua kwa kutojua, na bado ni kuua. Wewe ulijua kwa siku kumi."

Nozoe alimshika daktari mkono, wakatoka. Mama Murai aliwafuata bila kuambiwa. Yasuo alibaki amepiga magoti. Alijiburuta mpaka mbele ya mkewe, akainama, na mabega yake yakatikisika. Kanae hakusema amemsamehe. Alichukua chenza moja kutoka kwenye sahani, akalimenya, akaliweka mbele ya picha ya mzee. Kisha akalichukua koti lake juu ya sanduku na kulirudisha kabatini.

Shizue alipokuwa akivaa viatu, Kanae alimfuata mlangoni, akamwambia kwamba ametoka kusimama mlangoni pa bafu sasa hivi, na kumekuwa kimya.

*

Jumatatu saa mbili asubuhi Shizue aliingia chumba cha baridi, akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya rafu ya chini. Kikohozi kilikuwepo, kama kawaida. Alikitoa kichupa cha Tanabe Chiharu, akakiacha kiyeyuke, na akakipima kwa kipimo kipya, jambo ambalo angeweza kulifanya wakati wowote katika miaka miwili iliyopita na hakulifanya.

Majibu yalitoka saa tano. Kingamwili za mwanzo zilikuwepo. Chache mno kwa kipimo cha zamani kuziona, lakini zilikuwepo, na kama angeomba damu ya pili badala ya kupiga muhuri, hata kipimo cha zamani kingeziona.

Aliandika mstari mpya kwenye jedwali lake: umri, tarehe, kipimo cha zamani hakuna, kipya zipo. Kwenye nafasi ya jina la mpimaji wa mwaka 1989 aliandika jina lake lote, akapiga muhuri. Kisha akaandika barua ya kurasa mbili kufuta ripoti ya Obata, akaipiga muhuri pia. Aliogopa sana, lakini akaivuta simu karibu.

Namba ya simu ya akina Tanabe ilikuwa bado kwenye fomu ya zamani, na mtandao wa simu wa mji huu haubadiliki haraka. Ililia mara nne. Mwanamke aliitika.

"Mama yake Chiharu?" Shizue alisema. "Naitwa Kuwabara, wa maabara ya afya. Mimi ndiye niliyeipima damu ya mtoto wako. Kuna jambo nilipaswa kukwambia."